TAHADHARI: Class 66 "mpya kwenye boksi" ni Lima iliyopakwa rangi

Wadau wa treni ndogo mlioko Uingereza, kuna tapeli anazunguka kwenye magrupu ya kuuziana. Anatangaza kichwa cha dizeli cha Class 66, namba 66779 Evening Star, kipimo cha OO (ukubwa wa treni ndogo unaotumika sana Uingereza), pauni 95. Msimtumie hela.

Boksi alilonitumia ni la Bachmann kweli, watengenezaji wa treni ndogo, na karatasi ya maelekezo imo. Ila kilichomo ndani ni cha Lima, kampuni nyingine ya zamani ya treni ndogo, kilichopigwa rangi ya kijani. Lima ilifilisika 2004, na treni halisi ya 66779 imeingia kazini kwa kampuni ya mizigo ya GB Railfreight 2016. Lima wangeitengenezaje?

Rangi ni nzito hadi imeziba mistari ya milango na matundu ya feni. Nilikwangua kidogo karibu na bafa (kile cha kupokea mgongano mbele ya kichwa), ikatokea rangi ya damu ya mzee ya EWS, kampuni nyingine ya treni za mizigo. Chini, jina la kiwanda limesuguliwa kwa msasa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video amekigeuza miguu juu, asukume magurudumu kwa kidole. Class 66 ya Bachmann ina mota katikati inayoendesha magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo pande zote mbili zinakuwa ngumu. Lima mota yake ya duara imekaa upande mmoja tu, na magurudumu ya upande huo yamevishwa vipete vya mpira. Upande wa pili unazunguka wenyewe bila kazi. Mwenye mzigo halali hatakosa dakika moja ya kurekodi. Huyu nilipomuuliza alijibu kwamba ilitoka dukani hivyo hivyo, halafu akanibloku.

Anasisitiza ulipwe kwa PayPal ile njia ya kumtumia rafiki au ndugu, eti kukwepa makato. Hapo ndipo anapowamaliza watu, maana malipo ya njia hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi, na PayPal hawatakurudishia. Kama muuzaji hataki malipo ya kawaida ya bidhaa, achana naye hata bei iwe tamu vipi.

Kama umeshalipa kwa kadi, pigia benki yako leo, na usitupe boksi wala bahasha yenye stempu.

Jina la akaunti anabadilisha, picha habadilishi: kichwa cha kijani juu ya zulia la bluu, bafa ya kushoto haipo. Ukikutana na tangazo hilo, liripoti na uwaambie wasimamizi wa grupu.