Kifaa cha kupima oksijeni kwenye vizimba vya sato: uzoefu wangu

Nafuga sato kwenye vizimba vya wavu vinavyoelea Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Kifaa ninachotumia kinaelea kando ya kizimba, kina sola na betri, na kinatuma vipimo vya oksijeni na joto la maji kwenye simu kwa laini ya kawaida.

Kwa mfugaji wa vizimba, kinunue. Mchana mwani unazalisha oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huohuo unagombea oksijeni na samaki, na inazidi kushuka mpaka alfajiri. Ukipima kwa mkono saa nne asubuhi unakuta namba nzuri, kumbe samaki walikesha wakihema juu juu. Nimekiwekea tahadhari kwenye miligramu 4 kwa lita, maana ikishuka chini ya 3 sato anataabika. Meseji ikiingia saa kumi na moja alfajiri, chakula cha asubuhi nakiahirisha. Samaki akila anahitaji oksijeni zaidi, na asipokula chakula kinapotea, nacho ndiyo gharama yetu kubwa kuliko zote.

Upepo ukipindua ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda na kuua kizimba kizima. Kifaa hakizuii hilo. Kinakupa muda tu wa kuvuta kizimba kwenda penye maji mazuri, au kuvua waliofikia uzito wa soko.

Sasa kero zake. Aliyeniuzia alikiacha kwenye mpangilio wa usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na huku maji ya nyuzi 25 yanashiba oksijeni, yaani hayabebi zaidi, kwenye miligramu 7.2 hivi kwa lita, si 8.2 kama pwani. Kwa hiyo kikawa kinayasifia maji kuliko yalivyo, jambo la hatari kabisa. Hakikisha mwinuko umewekwa kabla hujakishusha majini.

Halafu utelezi. Mwani unaganda kwenye uso wa kihisi, ile sehemu ya kifaa inayopima, na namba zinaanza kudanganya. Futa kila wiki kwa kitambaa laini. Brashi ngumu inakwangua ule utando unaopima. Kihisi chenyewe kining'inize ndani ya kizimba, katikati ya kina, kwa sababu nje ya wavu maji huwa na nafuu ambayo samaki wako hawaipati.

Kofia ya kihisi, yenye ule utando, nayo huchoka, inabadilishwa. Ulizia kama muuzaji anayo dukani na bei yake kabla hujalipa. Mimi ninayo moja ya akiba.