Optane P4800X ya GB 375 kama nyongeza ya kumbukumbu kwenye seva ya Linux: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Intel Optane DC P4800X, SSD ya kasi ya seva, ikifungwa kwenye seva ya Linux na kupewa kazi ya swapu (nafasi ya diski ambako Linux huhamishia data za RAM zisizoguswa), seva inaweza kuegemea swapu kwa makumi ya gigabaiti na watumiaji wasijue. Diski za kawaida za NVMe hazijanipa hilo. Ila hii ni nyongeza kwa ajili ya kumbukumbu iliyolala: vikao vya watumiaji walioacha kivinjari wazi, mashine pepe zisizo na shughuli, kache ya programu inayoguswa mara moja kwa saa. Ukiinunua ili hifadhidata yenye pilikapilika iishi juu yake, utailaumu bure.

Sababu iko kwenye muda wa kusubiri. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD ya NAND, yaani zile za kawaida, ikiulizwa ukurasa mmoja (kipande cha kumbukumbu) wa KB 4, huchukua mikrosekunde 80 hadi 100, na ikiwa inaandika wakati huohuo muda huo hupanda ovyo. Optane hujibu kwa takriban mikrosekunde 10 na haibabaishwi sana na kuandika, kwa sababu chipu zake za 3D XPoint huandika palepale bila kufuta bloku kwanza. Swapu ni kusoma na kuandika kwa mchanganyiko, vipande vidogovidogo, foleni fupi. Hapo ndipo NAND huchoka na Optane hutamba. Bado, ukilinganisha na RAM, ni polepole mara mia.

Uimara nao si wa kubahatisha. Intel waliipa toleo la GB 375 kiwango cha kuandikwa yote mara 30 kwa siku kwa miaka 5, yaani TB 11.25 kila siku. Kwa swapu ya kawaida hutaimaliza.

Kabla hujatoa pesa ujue kwamba bidhaa hii haitengenezwi tena. Intel walitangaza kuifunga biashara ya Optane mwaka 2022, kwa hiyo kilichopo sokoni ni mabaki ya ghalani na mtumba. Enzi zake Intel waliuza pia programu ya Memory Drive Technology, na Western Digital walikuwa na Ultrastar DC ME200 ya mwaka 2018. Zote mbili zilitumia programu iliyopakiwa kabla ya mfumo endeshi na kuiaminisha Linux kwamba diski ni RAM. Zilihitaji prosesa maalumu, na ile ya Intel ilihitaji leseni. Leo sioni sababu ya kuhangaika nazo. Keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, imeendelea kiasi kwamba swapu iliyopangwa vizuri hufanya sehemu kubwa ya kazi ile.

Kwenye mtumba, jina Optane limebeba vitu vinne tofauti na wauzaji huvichanganya. Vijiti vya Optane Persistent Memory vina umbo la RAM ya DDR4 na bei yake huvutia, lakini si kila sloti ya DDR4 huvikubali. Vinataka Xeon ya kizazi cha Cascade Lake au baadhi ya vizazi vya baada yake, ubao wenye BIOS inayovitambua, na RAM ya kawaida kando yake. Kuna Optane Memory M10 ya GB 16, 32 au 64 iliyotengenezwa kwa kompyuta za mezani na za mapajani, na H10 ambayo ni Optane kidogo iliyobandikwa juu ya NAND ya QLC. Unayotaka ni P4800X, au ndugu yake P1600X ya M.2 yenye GB 58 au 118 kama sloti kubwa huna. Muulize muuzaji akutumie majibu ya amri hii:

nvme smart-log /dev/nvme0

Soma mistari mitatu: critical_warning iwe 0, media_errors iwe 0, percentage_used iwe ndogo. Ikifika asilimia 20 naendelea kununua bila wasiwasi. Media_errors ikiwa hata 1, naiacha.

Kufunga kadi si kazi kubwa, lakini kuna mitego. Toleo la kadi linahitaji sloti ya PCIe 3.0 yenye njia 4 au zaidi. Kwenye ubao wa prosesa mbili, baadhi ya sloti zimeunganishwa na prosesa ya pili. Kama tundu la pili liko tupu, kadi haitaonekana kabisa, na mtu hudhani kauziwa mbovu. Toleo la inchi 2.5 la U.2 linataka nafasi iliyounganishwa na NVMe. Tundu la SAS peke yake halisaidii hata diski ikiingia. Zuri ni kwamba hutaanzishia mfumo kutoka hapa, hivyo hata seva ya zamani ambayo BIOS yake haiwezi kuanza kutoka NVMe inafaa.

Joto ndilo huwaponyoka wengi. P4800X haina feni, ina bamba la kupozea tu, na hutegemea upepo wa kasha la seva. Ukiichomeka kwenye kasha la kompyuta ya mezani ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, weka feni ya mm 80 ikiitazama. Kwa upande mwingine, baadhi ya seva zikikuta kadi zisizoitambua huzungusha feni zote kwa kasi ya juu. Hapo itabidi uingie kwenye mipangilio ya BMC, kompyuta ndogo inayosimamia seva.

Baada ya kuwasha, hakikisha njia zote nne zimeshikana:

lspci -vv | grep -E "Non-Vol|LnkSta:"

Unataka kuona 8GT/s na x4. Ukiona x2 au x1, chomoa, safisha meno ya kadi, rudisha.

Kisha fomati. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sekta za baiti 512, na kurasa za keneli ni KB 4, kwa hiyo mimi huzibadilisha. Orodha ya fomati hupatikana kwa nvme id-ns -H /dev/nvme0n1. Chagua mstari wenye Data Size 4096 na Metadata Size 0, uchukue namba yake. Usichague wenye metadata: keneli inaweza kuionyesha diski ikiwa na ukubwa wa sifuri. Kwa mfano kama namba ni 3:

nvme format /dev/nvme0n1 --lbaf=3

Amri hii inafuta kila kitu. Soma jina la diski mara mbili, maana nvme0 na nvme1 zinaweza kubadilishana nafasi baada ya kuwasha upya.

Kabla ya kuweka swapu, pima. Hii inasoma tu, haiharibu:

fio --name=pima --filename=/dev/nvme0n1 --rw=randread --bs=4k --iodepth=1 --direct=1 --ioengine=libaio --runtime=60 --time_based --readonly

Wastani wa clat (muda wa kukamilisha ombi) uwe mikrosekunde 10 hadi 15. Ukikuta 30 au zaidi, mara nyingi diski haina kosa, prosesa inalala usingizi mzito wa kuokoa umeme na kuchelewa kuamka. Badili mpangilio wa umeme kwenye BIOS uwe wa utendaji, upime tena.

Sasa swapu yenyewe. Tengeneza patisheni moja, kisha:

mkswap -L optane /dev/nvme0n1p1

Kwenye /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo huziunganisha ukiwaka, tumia UUID (kitambulisho kinachotolewa na mkswap), kamwe usitumie jina la nvme:

UUID=… none swap sw,pri=100,nofail 0 0

Neno nofail lisisahaulike, maana kadi ikifa, seva itakaa sekunde 90 ikiitafuta kila inapowaka. Kipaumbele cha 100 kinaitanguliza mbele ya faili la swapu la zamani. Chaguo la discard halina maana hapa, Optane haihitaji kusafishwa.

Swapu hubeba nywila na data za wateja, na diski hii haipotezi kilichomo umeme ukikatika. Kwa hiyo nasimba kwa ufunguo wa nasibu unaozaliwa upya kila seva inapowaka. Mstari wa /etc/crypttab, orodha ya diski zilizosimbwa:

swapopt /dev/disk/by-partuuid/… /dev/urandom swap,plain,cipher=aes-xts-plain64,size=512,sector-size=4096,no-read-workqueue,no-write-workqueue

Maneno mawili ya mwisho huondoa foleni za ziada ambazo kwenye diski ya kasi hii hula muda kuliko diski yenyewe. Kwenye fstab sasa andika /dev/mapper/swapopt, kwa kuwa UUID hubadilika kila mara. Na nasisitiza by-partuuid: crypttab yenye /dev/urandom huandika swapu mpya juu ya chochote ilichoelekezwa, bila kuuliza. Ukiandika nvme1n1p1 na siku moja jina hilo likaangukia diski ya data, imekula kwako.

Hadi hapa watu wengi huishia, halafu husema Optane haina tofauti. Kazi kubwa iko kwenye mipangilio ya keneli, kwa sababu ile inayokuja nayo inadhani swapu ni diski inayozunguka. Faili langu la /etc/sysctl.d/90-optane.conf:

vm.swappiness = 133
vm.page-cluster = 0
vm.watermark_scale_factor = 125

Swappiness tangu keneli 5.8 huenda hadi 200. Namba 100 maana yake swapu na diski ya mafaili zina gharama sawa. 133 maana yake swapu ina kasi mara mbili. Kama mafaili yako yako kwenye diski za kuzunguka, panda hadi 180. Ushauri wa kuweka 1 au 10 unaozagaa mitandaoni unaifanya kadi hii ikae bure hadi RAM ijae kabisa, na hapo ndipo kila kitu hukwama kwa pamoja.

Page-cluster ya kawaida ni 3, yaani keneli ikitaka ukurasa mmoja huvuta 8. Kwenye diski ya kuzunguka ni busara. Kwenye Optane ni kujaza RAM kwa takataka.

Watermark_scale_factor ndiyo nayoipenda zaidi. Kawaida ni 10, yaani asilimia 0.1 ya RAM. Kwenye seva ya GB 128 hiyo ni kama MB 130 tu, programu moja ikiomba kumbukumbu kwa pupa huimaliza, na kuanzia hapo yenyewe inasimama ikisubiri keneli itoe nafasi. Kwa 125 akiba inakuwa kama GB 1.6, na kswapd (mhudumu wa keneli) huanza kuhamisha kurasa mapema, nyuma ya pazia. Angalia mistari ya allocstall, inayohesabu kusimama huko, kwenye /proc/vmstat kabla na baada. Ikiacha kupanda kwa kasi, umepatia.

Kwenye keneli 6.1 na kuendelea angalia pia /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled. Ikisoma 0x0000, andika y humo. Mfumo huo mpya unachagua kurasa zilizolala kwa usahihi zaidi kuliko wa zamani.

Usichanganye zram (swapu iliyogandamizwa ndani ya RAM) na Optane kwa vipaumbele. Zram itajazwa kwanza na kurasa za mwanzo, ambazo ndizo zilizolala, zikalie RAM. Kurasa zenye kazi zikija baadaye hupelekwa diskini. Yaani kinyume kabisa cha unachotaka. Kama unataka mgandamizo, washa zswap, kache iliyogandamizwa inayokaa mbele ya swapu, ambayo husukuma zilizolala kwenda diskini.

Si kila huduma iruhusiwe kwenda kwenye swapu. Kwa sshd naandika systemctl edit ssh, chini ya [Service] naweka MemorySwapMax=0, ili seva ikielemewa niweze kuingia. PostgreSQL naipa huge_pages = on baada ya kutenga kurasa kubwa kwa vm.nr_hugepages, na shared_buffers (kache yake kuu) haitaguswa kwani kurasa kubwa za aina hiyo haziendi kwenye swapu. Java ni mgonjwa mbaya: mkusanya taka wake hupitia heap (kumbukumbu ya programu) yote, hivyo hakuna kitu humo kinacholala kikweli. Iache na RAM yake. Elasticsearch ina bootstrap.memory_lock kwa sababu hiyohiyo. Kubelet ya Kubernetes nayo, isipoambiwa failSwapOn: false, hukataa kuwaka ikikuta swapu.

Kila siku natazama vitu viwili. Kwenye vmstat 1, safu ya so (kurasa zinazotoka RAM) ikipanda peke yake ni sawa, kurasa zinaenda kulala. Safu ya si (kurasa zinazorudi RAM) ikikaa juu mfululizo, maana yake zinaamshwa tena na tena. Kisha /proc/pressure/memory, mstari wa full, avg10: asilimia ya muda, kwa wastani wa sekunde 10, ambao kazi zote zimekwama kusubiri kumbukumbu. Ukizidi 5 kwa dakika kadhaa wakati wa kazi, Optane imefika mwisho wa msaada wake na RAM ndiyo dawa.

Kadi ikifa huku kurasa ziko ndani, keneli huandika Read-error on swap-device na kila programu iliyokuwa na ukurasa humo hufa kwa SIGBUS. Kwa seva isiyoruhusiwa kudondoka, funga mbili kwa mdadm RAID 1 na uweke swapu juu yake. Na ukitaka kuitoa kwa hiari, tazama free -h kwanza: swapoff hurudisha kila ukurasa kwenye RAM, na kama kilichomo hakitoshi RAM iliyobaki, amri itashindwa au muuaji wa OOM (anayeua programu kumbukumbu ikiisha) ataanza kuchagua nani afe. Zima huduma nzito, swapoff, toa mstari kwenye fstab na crypttab, ndipo uzime mashine na kuchomoa kadi.