Weber Spirit II E-310: jiko la gesi la nyama choma, na kasoro zake

Anayenunua jiko hili akitarajia ukali wa mkaa atasikitika. Anayetaka moto wa kupandisha na kushusha kwa swichi atalifurahia sana. Lina mirija mitatu ya moto yenye jumla ya BTU (kipimo cha nguvu ya joto) 30,000 kwa saa, na wavu wa chuma kizito wa takribani sentimita 60 kwa 44, unaotosha kuku wawili waliopasuliwa na nafasi ikabaki.

Mirija hiyo inatoka mbele kwenda nyuma, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulichagua. Kwa mapaja ya kuku, washa yote mitatu, funika dakika 10 hadi 15 mpaka kipimo cha mfunikoni kikaribie nyuzi 260 za Selsiasi. Zima wa katikati, shusha ya pembeni hadi nusu, weka nyama katikati, funika. Itaiva kwa joto linalozunguka ndani. Mwishoni isogeze juu ya moto ipate rangi. Kuku yuko tayari akifika nyuzi 74 karibu na mfupa. Ukifungua mfuniko kila mara kuchungulia, unalipoteza joto lote hilo.

Juu ya mirija kuna vyuma vilivyokunjwa kama paa. Mafuta yakividondokea yanageuka moshi, na ndio unaoipa nyama ladha. Yanayobaki huteremka kwenye trei. Kampuni ya Weber ilivianzisha 1985 kwenye jiko lake jingine, Genesis, badala ya mawe ya volkano yaliyonyonya mafuta na kuwaka ovyo. Kuvisugua ving'ae ni kujichosha bure. Kwangua trei na sakafu ya jiko, kwani moto wa mafuta huanzia huko. Ukitokea, zima swichi, funga mtungi kama unafikika salama, acha mfuniko umefungwa, na maji usimwage kamwe.

Lalamiko la kawaida ni kwamba jiko haliivishi: moto mdogo, joto linagoma kwenye nyuzi 120 au 150. Mara nyingi jiko ni zima. Regyuleta ya toleo la Marekani ina kinga inayobana gesi ikihisi imetoka kwa kasi, na mtu akifungua mtungi ghafla huku swichi ziko wazi, inadhani mpira umekatika. Funga kila kitu, chomoa regyuleta, subiri dakika moja, rudisha, kisha fungua mtungi polepole kabisa kabla ya kugusa swichi.

Moto wa njano ni jambo jingine. Buibui hupenda kujenga ndani ya mirija, hewa ikakosa njia. Isafishe kwa brashi nyembamba. Na wakati wa kuwasha, mfuniko uwe wazi daima. Moto usiposhika, zima, ngoja dakika 5, maana gesi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Kasoro ya kweli ni steki: jiko hili halina sehemu ya moto mkali wa kukausha juu haraka, na steki nene hupauka ndani kabla ya kushika rangi nje.

Aliye Dar au Nairobi asiagize toleo la Marekani kwa pupa. Regyuleta yake hukazwa kwa skrubu ya kipimo cha huko na haiingii kwenye mitungi yetu. Mwachie fundi wa gesi abadilishe regyuleta na mpira, kisha pakeni maungio maji ya sabuni. Povu likitoka, msiwashe.