TAHADHARI: Anauza "makoti ya mabaharia wa Vita vya Pili". Geuza mfuko wa ndani kabla hujatuma hela

Jamani, kama kuna mtu anakutumia picha za "koti original la baharia wa Marekani, 1943", nisome kwanza. Mimi kanipiga laki tatu na nusu. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu tangu Mei nimeona ameshalibadilisha mara tatu, na likibadilika la nne tahadhari hii haitakusaidia. Nitaeleza mzigo wenyewe na maneno yake, utamjua tu.

Niko Arusha, nakusanya na kuuza nguo za zamani. Mabelo ya mitumba nimeyafungua miaka mingi, kwa hiyo aibu nyingine ni yangu.

Koti ni lile fupi, zito, la sufu, kola pana, vifungo safu mbili vyenye nanga. Mkono wa kushoto lina nembo: tai aliyekunjua mbawa, chini yake nanga mbili zilizopishana, halafu tepe mbili. Hadithi yake ni kwamba mzee mmoja wa Mombasa alipewa na baharia Mmarekani wakati wa vita. Nilipouliza lebo, akasema ilichakaa wakaikata, na kweli shingoni palikuwa na vitundu vya uzi tu. Halafu ikaja ile ya siku zote: kuna mteja wa Nairobi anasubiri, tuma yote leo. Nikatuma.

Lilipofika nilichomoa uzi ndani ya pindo nikauunguza. Ulinuka nywele na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki ungeyeyuka ukawa kijidonge kigumu. Nikalala na furaha. Hapo ndipo ujanja wake ulipo: koti si feki. Ni koti halali la jeshi la majini la Marekani, na ukilipima kama koti utaridhika. Feki ni umri, na nembo imeshonwa ili kuubeba huo umri.

Wiki iliyofuata nikawa natafuta ufunguo, nikageuza mfuko wa ndani. Kumbe kuna lebo ya pili, ambayo yeye hakuiona. Imeandikwa DLA100-84-C na tarakimu nyingine, chini yake namba inayoanza na 8405-01. Hizo herufi ndizo zinazomuumbua. DLA ni idara ya Marekani inayonunulia majeshi vifaa, na ilianza kuitwa hivyo 1977. Kabla ya hapo iliitwa DSA, na hiyo DSA yenyewe iliundwa 1961. Tarakimu mbili baada ya kistari cha kwanza ni mwaka wa mkataba wa ushonaji: 84, yaani 1984. Ile namba ya 8405, ukiihesabu ikifika tarakimu 13, ni mtindo ulioanza 1974. Koti lenye DSA au DLA haliwezi kuwa la Vita vya Pili hata aliyekuuzia aapie msahafu.

Baada ya hapo macho yakafunguka, kila kitu kikaanza kusema. Nanga mbili zilizopishana ni alama ya yule ambaye watu wa pwani wangemwita sarahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Katika jeshi la majini la Marekani watu wa kada hiyo walivaa nembo mkono wa KULIA hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, ndipo nembo zote zikahamishiwa kushoto. Sarahangi wa 1943 mwenye nembo kushoto hayupo. Mifuko ya nje ya makoti ya wakati wa vita ilikuwa na bitana ya kodrai, kile kitambaa chenye mistari iliyoinuka, hili langu lina kitambaa laini kisicho na mistari. Na rangi: ukilitoa juani pembeni ya kitu cheusi kabisa, la zamani huonekana ni buluu iliyokolea sana. Langu ni jeusi tii.

Nikamwomba wakala wa jirani ile taa yake ya kukagulia noti. Koti lenyewe lilibaki giza, lakini uzi ulioshonea nembo uliwaka mweupe kama meno. Nyuzi nyingi za kisasa huwekwa dawa ya kung'arisha, ndiyo inayowaka. Ila angalieni, hata sabuni za unga zina dawa hiyo, kwa hiyo nguo ya kale kweli iliyofuliwa juzi inaweza kuwaka nzima. Kinachotia shaka ni uzi kuwaka peke yake.

Nilimpigia kwa upole kabisa: kaka, rudisha tofauti tu, koti nitabaki nalo. Akasema mimi sijui vitu vya zamani. Nikamtumia picha ya lebo ya mfukoni. Nikalambwa bloku.

Sasa ana mzigo mwingine, majaketi ya "maofisa wa Uingereza, 1942". Nimeona picha mbili. La kwanza lina lebo ya Gieves & Hawkes. Gieves ni washonaji wakongwe wa maofisa wa majini, lakini hawakuungana na Hawkes hadi 1974. Lebo ya 1942 ingekuwa na Gieves peke yake. La pili, kuzeni picha muone taji juu ya nanga kwenye kifungo. Taji la enzi ya Mfalme George wa Sita lina matao ya mviringo. Matao ya taji la enzi ya Malkia Elizabeth, aliyetawala kuanzia 1952, yanabonyea katikati. Vifungo vyake vimebonyea. Na hata mviringo siku hizi peke yake hautoshi, maana Mfalme Charles amerudia taji la mtindo ule.

Jambo jingine ambalo hakuniambia, na wala mimi sikufikiri: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba raia wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Mtu anayekuuzia koti lenye tepe za cheo kwa kuvaa mtaani anakuuzia na matatizo. Nembo yangu nimeifumua, iko kwenye bahasha.

Ukitaka kununua kwa yeyote, omba picha ya mfuko wa ndani uliogeuzwa nje, mgongo wa nembo, na mgongo wa kifungo. Mwenye mzigo safi atapiga picha hizo kwa dakika mbili. Huyu atakwambia "niko safarini". Nanga kwenye kifungo isikubabaishe, maduka ya mitindo yanaziweka kwenye makoti ya watoto. Na tafadhali msiwatumie hela mawinga wake wanaodai wanashika oda. Namba iliyopokea hela yangu haikuwa ya yeye niliyeongea naye. Nimeshaipeleka polisi pamoja na meseji zote.

Jana usiku umeibuka ukurasa mpya wenye makoti manne, yote ya "1943", yote nembo kushoto. Yamepigwa picha yametundikwa kwenye geti la bluu lenye kutu chini ya komeo. Langu pia lilipigwa picha kwenye geti hilohilo.