Uzoefu wangu: kampuni iliyotupeleka misheni ya CU kutoka Nairobi hadi Babati

Haya ni ya makatibu wa misheni na waweka hazina wa CU (Christian Union, umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni) wanaopanga kuvuka mpaka kwenda Tanzania likizo ijayo. Kampuni siitaji jina. Ofisi yake iko katikati ya jiji, na jirani zake wanauza kifurushi hichohicho kwa karatasi zinazofanana hadi makosa ya chapa. Tulikuwa watu 29, siku tisa, basi la viti 33, Nairobi–Namanga–Arusha–Babati na kurudi. Kila mtu alilipa shilingi 17,800. Ndani yake mlikuwa na basi, mafuta, dereva na utingo, kulala Arusha usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi, bima ya safari, na kitu walichokiandika kwenye risiti kuwa "msaada wa mpaka na huduma".

Kwa barabara na mpaka nawapa nane kwa kumi. Kwa huduma, yaani kazi yenyewe ya misheni, nawapa tatu, na moja ya hizo ni ya adabu zao kwenye simu.

Nianze na mpaka, maana hapo ndipo pesa zenu zinaonekana zimeenda wapi. Namanga siku hizi ni kituo cha pamoja: ukielekea Tanzania unapita jengo moja tu, la upande wa Tanzania, unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania chini ya paa moja. Hilo halimaanishi mambo ni mepesi kwa kundi. Kundi linakwama kwa sababu ya mtu mmoja, na basi haliondoki bila yeye. Mtu wa kampuni alifika na orodha ya majina yakiwa yamepangwa kwa mfuatano wa pasipoti zilivyopangwa mkononi mwake, jina kwa herufi zilezile za pasipoti, namba, tarehe ya kuzaliwa, nakala sita. Afisa alichukua orodha moja akawa anaita. Tulimaliza kwa dakika hamsini hivi. Kundi la kwaya lililotutangulia, lenye watu wachache kuliko sisi, tuliliacha pale likitafuta kalamu.

Kuhusu pasipoti: kitambulisho cha Kenya kinakufikisha Uganda na Rwanda, Tanzania hakikufikishi. Wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili hawana pasipoti, na wanadhani wiki mbili zinatosha. Maombi ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na foleni ya Nyayo House, ofisi ya Uhamiaji jijini Nairobi, ina tabia zake. Kampuni inataka namba za pasipoti wiki sita kabla ya safari. Tuliona ni ukali wa bure, lakini wako sahihi. Aliyechelewa kabisa anaweza kuomba kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki. Hakikisheni tu kinataja Tanzania. Mkenya halipi visa.

Sasa kadi za manjano, ambazo ni mbili na kila mwaka kuna kundi linalozichanganya. Ya kwanza ni ya mtu, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Angalieni kama tarehe, namba ya chanjo, sahihi na muhuri vyote vipo. Kadi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Chanjo hii ina virusi hai, kwa hiyo mwenye mzio mkali wa mayai, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza, na akishauriwa asichanjwe apewe barua. Kadi ya pili ni ya gari, bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA. Bila hiyo basi la Kenya linabaki Namanga.

Hapa kampuni iliteleza vibaya. Basi lilikuwa na kadi yake, abiria wote 29 walikuwa na zao, dereva alikuwa na yake ya zamani iliyochakaa. Utingo alichanjwa siku nne kabla ya safari. Siku nne si kumi, na afisa wa afya hakuhitaji kuinua sauti. Utingo alirudi Nairobi kwa matatu, na kwa siku nane zilizobaki vijana wetu ndio waliokuwa wakipanda juu ya basi kufunga mizigo. Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi: dereva na utingo wana pasipoti? Wana kadi? Za tarehe gani? Ombeni picha. Wanatabasamu ukiuliza, lakini wanatuma.

Dereva mwenyewe sina neno baya juu yake. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ni busara, kwa sababu ukichelewa hadi saa moja, kipande cha Mlolongo hadi Kitengela pekee kinakula saa nzima. Isinya, Kajiado, Bisil, Namanga tukafika mapema. Upande wa pili, Longido hadi Arusha na kuendelea Makuyuni, Minjingu na Magugu, kila kijiji kina kibao cha 50 na mara nyingi askari mwenye tochi ya kupimia mwendo amekaa kivulini hatua chache mbele. Madereva wa kwetu huanza kukanyaga breki wakiwa wameshapita kibao. Huyu alikuwa ameshuka 50 kabla ya kibao, na alibaki hapo hadi kibao cha mwisho wa kijiji, hata barabara ikiwa tupu. Safari nzima hatukupigwa faini hata moja.

Basi la viti 33 kwa watu 29 lilikuwa kosa letu, si lao, ingawa wangetuambia. Hesabu ilionekana nzuri kwenye karatasi. Ongeza mabegi 29, spika mbili kubwa, mikisa ya sauti, kinanda, jenereta dogo na masanduku manne ya Biblia, viti vinne vilivyobaki vikawa ghala na korido ikazibwa. Ukiwa na vyombo, jaza basi hilo kwa watu 24 au chukua kubwa zaidi. Na jenereta likaushwe petroli kabisa kabla ya kupakiwa. Harufu tu inatosha kumtapisha mtu wa kiti cha nyuma kabla hamjafika Kajiado.

Halafu kuna ratiba. Kampuni ilichapa ratiba nzuri yenye rangi na kuituma kwa wenyeji wetu Babati. Ilisema chakula cha mchana Arusha "1:00", kuwasili Babati "5:00". Mwenyeji wa Tanzania akisoma 5:00 kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili anaona saa tano. Walitungoja tangu saa tano asubuhi, wazee wa kanisa na kwaya ya akina mama wakiwa na sare, na sisi tukaingia saa kumi na moja jioni. Andikeni "saa kumi na moja jioni" kwa maneno, kila mstari. Wino unaoongezeka ni wa senti chache.

Tufike kwenye "huduma", ambako kampuni inalipisha kitu isichokijua. Kazi yao waliyoifanya ni barua moja ya kuombea kundi "ruhusa ya kufanya misheni", haikuelekezwa kwa mtu yeyote, na ilitaja mkutano wa injili, kambi ya matibabu na kupaka rangi darasa katika sentensi moja. Barua hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na barua. Muhuri wa mgeni unakuruhusu kutembelea. Kazi, hata isiyolipwa, inaweza kuhitaji kibali chake. Msijaribu kuficha mnachoendea, maana mtu wa 17 kwenye foleni ataulizwa na atasema. Njia iliyonyooka ni kanisa mwenyeji kwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wiki kadhaa mapema na orodha ya shughuli, waambiwe ipi inahitaji kibali na ipi haihitaji, kisha wawaandikie ninyi barua ya mwaliko yenye majina, tarehe, mahali pa kulala na jina la mchungaji anayewajibika. Kwetu wenyeji ndio waliotuokoa, kampuni haikuwa na habari.

Mkutano wa hadharani una taratibu zake: taarifa ya maandishi kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, angalau saa 48 kabla, ikitaja uwanja, saa ya kuanza na kumaliza na wahubiri. Mwenyeji ndiye anayeipeleka. Kabla ya kugonga mlango wa kwanza nyumba kwa nyumba, viongozi wenu wapitie ofisi ya kijiji wakajitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, wasaini kitabu cha wageni. Dakika kumi na tano hizo zinafungua vitongoji vyote. Ukiziruka, kufikia mchana utaitwa na mgambo, na utaenda ofisi ileile, safari hii ukieleza.

Kambi ya matibabu msiifanye kwa mazoea ya Kenya. Daktari au muuguzi wa Kenya hatibu Tanzania kwa leseni ya Nairobi. Daktari anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Dawa za kugawa zikivuka mpaka zinaangukia mikononi mwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Sisi tuliacha dawa nyumbani, tukapima shinikizo la damu chini ya zahanati ya hapohapo na wahudumu wake, na kwa fedha za dawa tukanunua dawa katika duka la Arusha kwa orodha waliyoitoa wao. Kazi ilienda, na zahanati ilibaki na dawa inazozijua.

Lugha. Kampuni iliandika kwenye tangazo lake kuwa "hakuna kizuizi cha lugha". Hapo nilicheka. Kizuizi kipo na kinauma zaidi kwa sababu hukioni. Mhubiri wetu wa siku ya pili aliwahimiza wanaume wapende bibi zao, walale nao kwa heshima na wasiwapige. Kwa Mnairobi bibi ni mke. Kule bibi ni mama wa mzazi wako. Uwanja ulinyamaza, kisha kundi la vijana nyuma likaanguka kicheko. Semeni mke. Semeni "naomba maji", si "nipe maji". Semeni "njoo", si "kuja". Shikamoo si pambo: mwanafunzi akiingia uwanjani kwa mzee na "habari yako" amefunga sikio la mzee kabla ya kufungua Biblia. Na Sheng ibaki ndani ya basi. Tulifanya zoezi la jioni mbili kabla ya kuondoka. Zilipaswa kuwa nne. Hata Biblia linganisheni: kule wengi wanasoma tafsiri ya Union ya 1952, na ukisomesha watu kwa sauti kutoka tafsiri ya Habari Njema, mstari unagongana na wao mdomoni.

Malaria. Mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya kutosha, na Magugu, pamoja na mchele wake mzuri, ni mashamba ya maji. Daktari wa chuo aliwapa wengi wetu kidonge cha kuzuia malaria, doxycycline, miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Wiki hizo nne ndizo zinazosahaulika, kwa sababu mtu yuko nyumbani na anajiona mzima. Kimeze na chakula na maji mengi, ukiwa umekaa wima. Ukilala mara moja kinachoma koo. Usikisukumie chai ya maziwa, maziwa yanapunguza kinachoingia mwilini. Kinafanya ngozi iungue upesi pia, na mhubiri wa uwanjani anasimama juani, basi kofia. Si kila mtu kinamfaa, kwa hiyo daktari kwanza. Chandarua kila mtu na chake.

Pesa: badilisheni dukani ndani ya kituo, si kwa wale wa nje wenye vikokotoo. Laini ya Tanzania inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole; laini mbili kwa viongozi zinatosha.

Mkataba someni ukurasa wa pili. Amana yao ni asilimia 40 na hairudi ndani ya siku 21 za mwisho, ila jina linaweza kubadilishwa hadi saa 72 kabla. Wanne wetu walikosa pasipoti, watatu tukawapatia mbadala, mmoja pesa zake zilipotea. Bima inafuata jina, kwa hiyo mbadala aingizwe kwenye bima siku hiyohiyo, na muulize kama inalipia kumrudisha mgonjwa Nairobi au inaishia hospitali ya karibu.

La mwisho ni vyombo vya muziki. Viandikisheni kwa forodha ya Kenya kabla ya kutoka, kila kimoja na namba yake ya kiwandani, kisha kwa forodha ya Tanzania kama vitu vinavyoingia kwa muda. Kampuni ilifanya hivi vizuri. Kurudi, afisa alikagua namba moja baada ya nyingine. Kama mnataka kuwaachia wenyeji spika kuwa zawadi, amueni kabla ya Namanga, kwa sababu spika iliyoandikwa kwamba itarudi lazima irudi, au ilipiwe ushuru. Yetu tuliirudisha, na mchungaji alituaga akiitazama.