Tanki la samaki wa maji chumvi kwa anayeanza: lipi ununue ukiwa Dar au Mombasa

Wengi wakitaka kuanza maji chumvi wanaulizia tanki dogo, wanaona dogo ndo rahisi, kumbe hapo ndo shida inapoanzia. Maji machache yanachafuka upesi, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe usiku, asubuhi amonia, ile sumu ya uozo na kinyesi, ishapanda na wenzake wanahema juujuu. Sasa mimi nikipanga napanga hivi.

Namba 1: kioo cha kawaida cha futi 3, upana na kimo futi moja na nusu, ambacho kinabeba kama lita 190. Si lazima kiagizwe nje, fundi vioo mzuri anakutengenezea, mradi kioo kiwe milimita 10 na silikoni iwe ya akwariamu, sio ile ya bafuni yenye dawa ya fangasi, hiyo inaua samaki. Kabla hujalipa hela iliyobaki mwambie alijaze maji alipumzishe hata siku mbili tatu, pitisha tishu kwenye kona zote uone kama inalowa. Na stendi iwe ya chuma ya kuchomelea, maana likijaa na mawe linapita kilo 200, meza ya TV haiwezi hiyo kazi.

Namba 2: yale yanayokuja na kila kitu, chujio limefichwa nyuma na taa juu, mfano Red Sea Max Nano ya lita 75. Safi sana kwa asiyetaka kuunganisha mabomba, ila mpaka lifike huku bei yake inauma.

Namba 3 ni vidogo kama Fluval Evo ya lita 52. Kizuri mezani, lakini kinamfaa mtu aliyeshazoea. Lita 400 nimeliweka mwisho kabisa, sio kwamba ni baya, samaki wanalipenda, ni mfuko wako tu ndo utalia kwenye chumvi na umeme.

Sasa joto, na hapa ndo miongozo ya Ulaya inatupotosha. Wao wanaambiwa wanunue hita, sisi Januari na Februari chumba kinagonga 31 na samaki wanataka 24 mpaka 27. Chila, yaani mashine ya kupooza maji, inafanya kazi vizuri lakini ni ghali, inakula umeme, na joto inalolitoa majini inalimwaga humohumo chumbani. Kwa kuanzia chukua feni ndogo mbili za kubana ukingoni zipulize juu ya maji na tanki liache wazi bila mfuniko wa kioo, weka wavu tu samaki wasiruke, unashusha nyuzi 2 au 3, na chumba kikiwa cha moto sana hapo AC au chila haikwepeki. Feni nayo inakausha maji, na yakikauka chumvi haiondoki, inabaki, kwa hiyo unaongezea maji yasiyo na chumvi, ukiongezea ya chumvi kila siku mwisho wa mwezi umetengeneza achari.

Kwa hiyo refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, usiibanie, lenga uzito wa maji (specific gravity) wa 1.025. Ile ya plastiki yenye mshale inadanganya kirahisi. Chumvi iwe ya akwariamu, ya mezani hapana, inaenda kama gramu 35 hadi 38 kwa lita, na maji yawe ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine ya reverse osmosis, maana bomba lina klorini na visima vingi vya pwani vina madini kibao. Wapo wanaochota baharini, sawa, ila mbali na bandari na midomo ya mito, na masika achana nayo.

Mawe nunua makavu. Usiende kubomoa matumbawe, visiwa vya Mbudya na Bongoyo pale Dar ni hifadhi, na Mombasa kuna hifadhi ya bahari pia, utakamatwa. Makavu yanataka subira, wiki 4 hadi 6 au zaidi mpaka bakteria wa kusafisha maji wajijenge na amonia na naitraiti (sumu inayotokana na amonia) zisome sifuri, na pampu ndogo ya hewa ya betri iwepo kwa ajili ya umeme kukatika.

Samaki anza na klauni wawili, ikibidi na gobi mmoja. Yule samaki anayeitwa tangi wa bluu (Dory wa filamu ya Finding Nemo) kila mtoto anamtaka, ila anafika karibu sentimita 30, muuzaji anakuonyesha akiwa saizi ya kidole gumba.