Mashine ya Kukaushia Nguo ya Pampu ya Joto: Tathmini Baada ya Miezi 14

Sisi tuliokulia Tanga tulizoea kuanika nguo asubuhi na kuzianua kabla ya adhuhuri, zikiwa zimekauka na zinanukia jua, wala hakuna aliyefikiria kwamba kazi hiyo ingehitaji mashine. Leicester, Uingereza, ninakoishi sasa na mke wangu na watoto watatu, nguo zinazoanikwa sebuleni wakati wa baridi huchukua siku mbili kukauka, na unyevu wake huotesha ukungu kwenye kuta za chumba cha watoto, ambao mmoja wao ana pumu. Kwa hiyo mashine ya kukaushia nguo kwetu si anasa. Hii ninayoitathmini ni ya pampu ya joto, yenye uwezo wa kilo 8, na niliinunua kwa pauni 480. Sitaji chapa yake, kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yanahusu aina hii ya mashine kwa jumla, na hasa namna inavyoudhibiti moto ikilinganishwa na ile tuliyokuwa nayo kabla yake.

Ile ya awali tuliikuta katika nyumba tuliyopanga. Ilikuwa ya aina ya kutoa hewa nje: hewa huchemshwa na koili ya umeme, hupita ndani ya pipa linalozungusha nguo, kisha husukumwa nje ya nyumba kwa bomba nene linalokunjika. Hewa hiyo hubeba nyuzi laini zinazochomoka kwenye nguo, na nyuzi hizo, zinazofanana na sufi ya mto, hushika moto kwa urahisi mkubwa. Chujio la mlangoni huzikamata nyingi lakini si zote. Zinazoponyoka hujikusanya ndani ya bomba na nyuma ya pipa, hewa inakosa pa kupita kwa wepesi, na joto ambalo lingetoka nje linabaki palepale penye koili.

Dalili tulizipata mapema, tukazipuuza. Kwanza taulo zilianza kuhitaji mizunguko miwili badala ya mmoja. Baadaye bati la juu la mashine likawa la moto kiasi kwamba mkono haukuweza kutulia juu yake. Jioni moja harufu ya kuungua ikaenea hadi ngazini, nami nikazima umeme na kumwita fundi. Alipoivuta mashine kutoka ukutani tuliona bomba limebanwa likawa bapa, na alipofungua bamba la nyuma nyuzi zilikuwa zimelala kuizunguka koili, nyingine zimekwisha kugeuka kahawia. Kilichonitia hofu zaidi ni kitu kidogo alichonionyesha kwa ncha ya bisibisi. Ilikuwa fyuzi ya joto, kifaa kinachokata umeme pale joto linapopita kiasi, na mtu aliyeitengeneza mashine hiyo kabla yetu alikuwa ameiunganisha kwa kipande cha waya ili umeme uipite pembeni. Fyuzi hiyo ikikatika, kazi ya fundi ni kutafuta kilichozuia hewa na kuweka fyuzi mpya. Aliyeiruka kwa waya aliiacha mashine iwake bila kinga yake ya mwisho, katika nyumba ambamo watoto wangu walikuwa wanalala.

Hatari hii haikuwa ya nyumba yetu peke yake. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza nchini Uingereza kwamba mashine za kukaushia zilizouzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit na Creda, zilizotengenezwa tangu Aprili 2004, zilikuwa na kasoro iliyoweza kuziruhusu nyuzi zigusane na koili. Wenye mashine waliambiwa wanaweza kuendelea kuzitumia huku wakisubiri fundi, mradi wasiziache bila mtu wa kuziangalia. Tarehe 19 Agosti 2016 mashine ya Indesit iliyokuwa ikisubiri matengenezo hayo iliwasha moto katika jengo refu la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na familia nyingi zikalazimika kuondoka katika makazi yao. Ushauri wa kampuni ulibadilishwa Februari 2017, watu wakaambiwa wazichomoe kabisa kwenye umeme, na urejeshaji rasmi, yaani kampuni kuziondoa mashine hizo mikononi mwa wateja, ukaanza mwaka 2019. Ushauri ule wa mwanzo ulikuwa wa makosa makubwa, na kuchelewa kuubadilisha kuliwaacha watu wengi mno karibu na hatari waliyokwisha kuijua wengine.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo moyoni nilipoingia dukani. Mashine ya pampu ya joto hufanya kazi karibu kama jokofu lililogeuzwa. Hewa huzunguka ndani bila kutolewa nje, sehemu ya baridi huivua unyevu, maji huchuruzika kwenye tangi, kisha hewa hiyohiyo hupashwa upya. Haina koili inayowaka kwa nguvu kama ile ya zamani, na joto linalozifikia nguo hukaribia nyuzi 50 za selisiasi, ilhali mashine za kawaida hufika nyuzi 70 au zaidi. Bomba la kubanwa ukutani halipo. Umeme nao umepungua sana: kwa kupima kwangu, mzigo uliojaa hutumia uniti 1.9, na ile ya zamani ilikuwa ikipita uniti 4 kwa mzigo kama huo. Vitenge na khanga za mke wangu hazijachuja rangi wala kupungua, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu mashine ya kwanza.

Kuna kasoro. Mzigo wa pamba huchukua karibu saa mbili na robo tatu, na mishono ya suruali za jinzi mara nyingi hubaki na unyevu hata mashine inaposema imemaliza. Haifai kuwekwa kwenye banda au gereji yenye baridi kali, kwa kuwa pampu hushindwa kufanya kazi vizuri humo. Ikiletwa ikiwa imelazwa, ni lazima isimamishwe wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, na waliotuletea hawakutwambia hata neno moja juu ya hilo.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye machujio. La mlangoni linaonekana wazi, nasi tunalisafisha kila baada ya mzigo. La pili limefichwa chini nyuma ya kifuniko kidogo, na maelezo yake yamewekwa mwishoni mwa kitabu cha matumizi ambako wengi hawafiki. Nililigundua baada ya miezi miwili, likiwa limefunikwa kabisa. Joto la chini halizifanyi nyuzi zisiungue, wala halizuii hitilafu ya nyaya au ya mota, kwa hiyo mtengenezaji alipaswa kuweka alama ya chujio hilo mbele ya mashine, penye macho ya kila mtu.

Halafu kuna kitufe cha kuchelewesha kuanza, ambacho muuzaji alikisifia kwamba kitaniwezesha kukausha usiku wa manane umeme ukiwa nafuu. Zimamoto wa London wanashauri mashine hizi zisiachwe zikifanya kazi wakati watu wamelala au wametoka, nami nimeufuata ushauri huo tangu siku ya kwanza. Tunakausha mchana wa Jumamosi na Jumapili, mtu mzima akiwa macho nyumbani, na plagi imechomekwa moja kwa moja ukutani bila waya wa kuongezea. King'ora cha moshi kiko ukumbini nje ya chumba hicho, nacho hujaribiwa kila mwezi.

Niongeze jambo moja kwa wapishi. Matambaa ya jikoni yaliyolowa mafuta ya alizeti hayatoki mafuta yote kwa kufuliwa mara moja, na mafuta ya aina hiyo yakipashwa joto huendelea kuungana na hewa na kujizalishia joto yenyewe. Yakitolewa yangali na moto na kurundikwa kapuni, yanaweza kuwaka saa kadhaa baadaye bila mtu kuyagusa. Dakika za mwisho za mzunguko, zile za kupoza, zipo kwa ajili hiyo pia, na mimi siikatizi mashine kabla hazijaisha. Matambaa yenye mafuta mengi siyatii humo kamwe, nayaanika.

Kwa familia inayoishi ndani kwa ndani miezi sita ya mwaka, ninaipa mashine hii alama nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya chujio lililofichwa na kitufe kile cha usiku. Anayenunua iliyotumika, au anayetaka kupakia ya zamani kwenye kontena la kwenda Dar es Salaam au Mombasa, asome kwanza namba ya modeli kwenye kibandiko cha mlangoni na kuilinganisha na orodha za mashine zilizorejeshwa, maana barua ya kampuni humfuata mnunuzi wa kwanza aliyejiandikisha, na mashine ikishavuka bahari hakuna anayejua iko kwa nani. Yangu niliiandikisha siku ileile ilipofika, kabla haijasimama saa zake za kutulia.